Sahani ya Adui

Kaeni mkao wa kula, na mwenye kutaka kucheka acheke kwa upande mmoja wa mdomo, maana nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa. Ilikuwa ikiitwa Pwagu, na jirani yake ikiitwa Pwaguzi, na zilipendana kama majirani wanavyopendana, yaani kila moja ilikuwa ikichungulia chungu cha mwenzake kujua leo kumepikwa nini.

Vita vyao vilianzia kwenye mkutano wa marais. Rais Mtukufu wa Pwagu alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, kile cheupe cha harusini, na mwenzake wa Pwaguzi akapewa sofa yenye vitambaa vya kufuma. Watu wa itifaki waliapa kwamba sofa ilikuwa moja tu, na mwenzake ndiye aliyewahi kufika. Rais Mtukufu alikula, akanawa, akaaga, akarudi nyumbani na donge lake. Asubuhi redio ikatangaza kwamba heshima ya taifa imekaliwa na kwamba tuko vitani. Wananchi walishangilia sana, kwa kuwa walikuwa wameambiwa washangilie.

Kasoro ikawa ndogo tu. Risasi zote za Pwagu zilikuwa zikinunuliwa Pwaguzi, na kitambaa chote cha sare za Pwaguzi kilikuwa kikinunuliwa Pwagu. Upande mmoja ukawa na askari waliovaa vizuri wasio na cha kupiga, na upande wa pili ukawa na risasi tele na askari waliojifunga mataulo. Majenerali walikutana, wakakuna vichwa, wakaona vita hivi vipiganwe kwa sheria.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Kukomesha Biashara na Adui Wakati wa Vita na Muda Mfupi Kabla na Baada Yake. Raia wa Pwagu alikatazwa kuuza, kununua, kukopa, kubadilishana, kuonja, wala kunusa kwa nia ya kununua, kitu chochote kitokacho Pwaguzi. Bunge liliipitisha kwa vigelegele, na mbunge mmoja aliyeuliza kama ameruhusiwa kuendelea kuvaa viatu alivyovaa alitolewa nje bila viatu.

*

Sasa basi, katika Pwagu nzima hapakuwa na mtu aliyeifurahia sheria hii kama Nassoro Kitwana, Mkaguzi Msaidizi wa Mpaka katika mji wa Nusunusu.

Nusunusu ulikuwa mji mmoja na nchi mbili. Inasemekana waliogawa mpaka zamani hizo walifika pale wamechoka, jua kali, na chakula kiko mezani, wakapitisha mstari katikati ya kichochoro wakaenda kula. Upande huu wa kichochoro Pwagu, upande ule Pwaguzi, na katikati mstari wa chokaa ambao kuku waliuvuka watakavyo. Nyumba ya Nassoro ilikuwa huku. Ng'ambo yake, mlango kwa mlango, lilikuwa tanuri la Shomari Mwinyikai, mwoka mikate ya mofa.

Na Nassoro alikuwa na wivu. Jamani, kuna wivu na wivu. Kuna wivu wa kumtia mtu ladha kwenye ndoa, kama pilipili kidogo kwenye mchuzi, na kuna wivu wa Nassoro. Mkewe Mwanahawa akicheka peke yake, Nassoro aliuliza amecheka na nani. Akijifukiza udi, aliuliza upepo unaelekea wapi. Na kila asubuhi Mwanahawa alipomwekea chai na mkate wa Shomari akasema, "Onja, Nassoro, leo umeiva kweli kweli," roho ya Nassoro ilikunjamana. Kwa nini ausifu? Unga ni unga. Basi aliula mkate wote huku amenuna, na akaomba wa pili ili aendelee kununa.

Lakini kilichomnyima raha hasa ilikuwa sahani. Watu wa Nusunusu wa pande zote mbili wana mila moja: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa chakula, ule, uoshe chombo, na siku ya kukirudisha utie chako humo. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenzio kwamba nyumba yenu ina njaa na adabu imekwisha. Basi kila jioni sahani moja ya bati, yenye ua jekundu, ilitoka kwa Shomari na mikate imefunikwa kawa, na kila jioni ilirudi na kitu cha Mwanahawa. Nassoro alichunguza vitu vyenyewe. Ndizi za nazi. Uji wa mchele. Viazi vitamu vilivyopondwa. Vyakula laini tupu, vyakula vya kumdekeza mtu.

"Mwanamume mwenye meno yake yote anapelekewa vilivyopondwa kwa nini?" alimuuliza mkewe.

"Nassoro mume wangu," Mwanahawa alijibu akifunga kanga, "kichochoro hiki hakina hata upana wa mkeka. Vuka uone nani anakula."

"Mimi Mkaguzi Msaidizi nivuke kwenda kuchungulia sahani?"

"Basi usiniulize."

Hakuvuka. Kuvuka kungekuwa kukiri kwamba ana wivu, na Nassoro alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye si mtu wa mambo hayo.

*

Kuja kuelimisha wananchi kuhusu sheria alikuja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Kidundo Shibe. Alipanda jukwaani amevaa suti ya Pwaguzi, akajipangusa jasho kwa leso ya Pwaguzi, akanguruma.

"Wananchi! Adui yetu haingii kwa bunduki! Adui anaingia kwa kiberiti! Kwa sindano! Kwa kijiko cha chumvi! Mkate wa adui ukikaa tumboni mwako, je, tumbo hilo ni la nani?"

"Ni la adui!" watu wakaitika, wengine wakijishika matumbo kwa wasiwasi.

Wakati huohuo malori yalikuwa yakipita nyuma ya jukwaa yakitokea Pwaguzi, yamejaa sukari mpaka yanayumba. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote kama ile si biashara na adui. Mheshimiwa alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, ile si biashara. Ile ni sukari ya mateka. Vijana wetu wameiteka katika mapambano makali, nayo inapelekwa kizuizini kwenye ghala langu." Watu wakatazama magunia, na kweli, yalionekana yamenyong'onyea. Ghala la Mheshimiwa lilipokuwa likifunguliwa, mateka waliachiwa huru kwa bei ya juu kidogo.

Nassoro hakuwa na haja na sukari. Alisimama, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, na sahani je?"

"Sahani?"

"Sahani inayokuja na kitu ikarudi na kitu. Kila jioni. Mke wa mtu huku, mwanamume kule."

Wanawake wa Nusunusu wakamgeukia Mwanahawa, na Mwanahawa akainamisha macho. Aliona haya kwa niaba ya mumewe. Mheshimiwa lakini alifurahi kupita kiasi, kwa sababu serikali ilikuwa na bajeti ya kamati na haikuwa na jambo la kuundia kamati. Kamati ya Taifa ya Sahani ikaundwa palepale, ikaenda kukaa hotelini kandokando ya ziwa, ikala kwenye sahani nyingi kwa ajili ya utafiti, ikarudi na uamuzi: sahani ni chombo cha usafirishaji. Ikienda imejaa na kurudi tupu, hiyo ni sadaka. Ikienda imejaa na kurudi imejaa, hiyo ni biashara ya nje, na adhabu yake ni kali.

Siku hiyo Nassoro alitembea kwa maringo, kofia kaiweka upande. Akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake wa kazi kuomba ruhusa ya kumkamata Shomari.

"Shomari gani?" mkubwa akauliza.

"Mwoka mikate. Wa ng'ambo."

"Wewe Nassoro una akili kweli? Shomari ni adui. Adui haruhusiwi kuvunja sheria zetu. Akizivunja itakuwa tumemfanya raia." Akashusha miwani. "Hapa tunamtafuta wa kwetu. Sahani iko nyumba gani?"

Nassoro akainyoosha kofia. Maana siku uamuzi wa kamati ulipotangazwa, zamu ya sahani ilikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa kabatini, imeoshwa, inang'aa.

*

Alimsihi mkewe airudishe tupu, yaishe.

"Tupu?" Mwanahawa alishtuka kama aliyeambiwa atoke nje bila nguo. "Mimi binti ya Mwinyihamisi nirudishe sahani ya watu tupu? Bora nife."

"Basi itupe."

"Mali ya watu?"

"Basi ifiche!"

"Nifiche nini, nimeiba?" Akaketi kwenye kigoda, sauti ikashuka. "Nassoro, sema kweli. Sahani inakuuma nini?"

Angesema kweli siku ile, pengine hadithi yangu ingeishia hapa na sote tungekwenda kulala. Lakini alisema, "Sheria ni sheria," akatoka nje. Na mkubwa wake, aliyekuwa anahitaji mhaini mmoja kabla ya ziara ya Rais Mtukufu, akatuma askari.

Mahakama ilijaa. Hakimu Ngwasuma alikuwa mtu wa maneno mazito. Hata alipopiga chafya alitoa sababu za kisheria. Aliitazama sahani juu ya meza, akaigonga kwa kalamu, akasikiliza mlio.

"Kurudisha sahani imejaa ni biashara," alisema. "Kukaa nayo ni kuhifadhi mali ya adui. Mshtakiwa anaweza tu kuirudisha tupu. Kwa nini hataki?"

"Ni aibu, Mheshimiwa Hakimu."

"Aibu ya nchi gani?"

"Ya Nusunusu."

"Nusunusu ipi?"

"Zote mbili."

Ukumbi mzima ukaguna. Mtu mwenye aibu moja na adui! Hakimu akaandika kwa furaha. Hukumu ikawa kwamba Mwanahawa binti Mwinyihamisi amejitenga na taifa kwa moyo, hivyo na mwili uufuate moyo: avushwe mstari. Sahani ikachukuliwa na serikali, ikapelekwa makumbusho, ikaandikiwa kibao: Silaha ya Adui, Hatari, Usiguse.

"Kuna jambo la pili," akasema Hakimu. "Mkaguzi Msaidizi ana mke aliye adui. Kumweka ni kuingiza bidhaa. Atoe talaka hapa hapa, au avue sare."

Nassoro akaitazama sare yake. Mkubwa wake akamnong'oneza sikioni: "Toa moja tu, mjinga wewe. Vita vitakwisha kesho kutwa, utamrejea ndani ya eda. Nyota ya Mkaguzi Mkuu iko njiani."

Akatoa.

Mwanahawa alikuwa amesimama na kibunda cha nguo. "Kwa ajili ya sahani, Nassoro?"

"Kwa ajili ya anayekula humo," alijibu kwa sauti, watu wote wasikie. Na Mungu anisamehe kusema, kwa kitambo kidogo alijisikia ameshinda.

*

Alipanda dirishani kumtazama akivuka, aone kwa macho yake Shomari atakavyompokea. Shomari hakutoka. Aliyetoka alikuwa bibi kizee mmoja, mgongo umepinda, akishika ukuta kwa mkono. Bi Riziki, mama yake Shomari. Alimkumbatia Mwanahawa akalia, na mdomo ulipofunguka Nassoro aliona fizi tupu, hata jino la dawa hamna. Jioni mlango ukiwa wazi alimwona Mwanahawa kapiga magoti, anamlisha yule mama ndizi za nazi kwa kijiko. Na Shomari alikuwa amebeba godoro lake kwenda kulala tanurini, asije akalala nyumba moja na mwanamke aliye edani.

Nassoro alikaa chini. Alijiona mjinga, na ujinga wenyewe ulikuwa umeahidiwa nyota begani. Miaka yote ile alikuwa akimwonea wivu kikongwe. Sasa akataka mkewe arudi, akamtaka kwa uchungu ambao hakuwa nao hata siku ya kuposa. Na njia ilikuwapo: kabla eda haijakwisha, atamke mbele ya mashahidi kwamba amemrejea. Lakini hakuna shahidi Nusunusu nzima aliyekubali kusimama, maana wangekuwa washirika katika uingizaji wa adui. Ikabidi aombe kibali.

Wizara ilimjibu haraka kuliko ilivyozoea. Ilitaka kujua kama mke anayeombewa huharibika kwa joto. Tena ikamtaka mwombaji athibitishe kwamba mke wa aina hiyo hapatikani hapa nchini, na ikamkumbusha kwamba sera ya vita ni kuoa vya nyumbani. Nassoro akafunga safari hadi kwa Mheshimiwa Dokta Shibe mwenyewe, akamkuta kwenye sofa, ananyonya kijiko cha sukari.

"Mheshimiwa, sukari inaingia kama mateka. Mke wangu naye si anaweza kutekwa?"

Mheshimiwa akacheka mpaka sofa ikalalamika. "Kumbe una akili! Anaweza sana. Kesho tu vijana wanamteka." Akajifuta mdomo. "Ila utaratibu unaujua. Mateka yote yanaingia ghalani kwangu kwanza, yanakaa kidogo, ndipo yanaachiwa. Ni mzuri, huyo mkeo?"

Ule mwiba wa zamani ukamchoma Nassoro palepale. Akaona ghala, akaona kufuli, akaona ule mdomo wenye sukari.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Si mzuri hata kidogo." Akaondoka bila kibali.

Siku zikaenda. Nassoro, ambaye sasa alikuwa Mkaguzi Mkuu, alizunguka na askari wake kwenye mstari wa chokaa kutwa nzima, na macho yake hayakuwa yakilinda mpaka. Mwanahawa akisalimiwa na muuza maji, alikasirika. Akimcheka kuku, alikasirika. Asubuhi moja Mwanahawa alitoka, akaja akasimama karibu kabisa na chokaa.

"Nassoro," alisema polepole. "Eda yangu inakwisha. Una neno la kuniambia?"

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa limemfika mdomoni. Lakini askari walikuwa wamesimama kulia na kushoto, masikio yamesimama, na nyota ilikuwa mpya bado. Nassoro akakaza shingo.

"Raia wa adui asogee nyuma," akasema.

Mwanahawa akasogea nyuma.

*

Amani ilikuja kama vita vilivyokuja, kwa njia ya samani. Palikuwa na mkutano mwingine, na safari hii waandaaji waliweka sofa mbili za kitambaa kimoja, zimepimwa kwa futi na kamati huru. Marais walikaa, wakajaribu springi, wakatazamana, wakapeana mikono kabla hata ya chai. Sheria ikafutwa. Mheshimiwa Dokta Shibe akatunukiwa nishani na nchi zote mbili kwa kudumisha uhusiano katika kipindi kigumu.

Nassoro alinyoa, akavaa kanzu, akachukua wazee wawili wa kumsindikiza, akavuka kichochoro kwa mara ya kwanza maishani mwake. Zilikuwa hatua ndogo, lakini alifika anahema. Mwanahawa alikuwa mlangoni mwa tanuri, mikono ina unga hadi viwikoni. Alikuwa amenawiri. Nassoro aliliona hilo kwanza, na halikumpendeza.

"Karibuni," Mwanahawa alisema. Akawaamkia wazee, akawavutia mkeka.

"Mwanahawa, sina maneno mengi. Nilikosa. Nimekuja kukuposa upya, na mahari utaje wewe."

"Umechelewa, kaka."

Lile neno kaka lilimpiga Nassoro pabaya. Wazee wakatazama mkeka.

"Nimeshaposwa," akasema Mwanahawa. "Bi Riziki aliniposea mwanawe eda ilipokwisha. Nimekubali."

Nassoro aliruka akasimama, kidole juu, macho yanawaka, na nyinyi hamtaamini, sauti yake ilikuwa na furaha ndani yake. "Nilijua! Si nilisema? Wazee, ninyi mashahidi, nilijua tangu mwanzo!"

"Hukujua kitu," Mwanahawa alisema, bila hasira. "Miaka yote ile mimi nilikuwa nikitazama mkate. Wewe ndiye uliyekuwa ukinionyesha mwanamume kwa kidole, asubuhi na jioni, Shomari, Shomari, Shomari. Mkanileta huku, nikawa sina kazi nyingine. Basi nikamtazama."